Unga wa lishe: nafaka nyingi, lishe kiasi gani?

Kwa watoto wengi Tanzania, chakula cha kwanza baada ya miezi 6 ya maziwa ya mama ni uji wa unga wa lishe: mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja. Wataalamu wengi wa lishe wanaupinga mchanganyiko huo, kina mama wanaung'ang'ania.

Kina mama wana hoja. Anayetoka alfajiri kwenda sokoni anahitaji chakula ambacho bibi au dada wa kazi atakipika bila kuhangaika. Tena kuchanganya nafaka na jamii ya kunde ni jambo jema, kwani protini ya soya huziba upungufu ulioko kwenye mahindi.

Lakini ukishaweka mahindi, kuongeza mtama, mchele na ngano ni kurundika wanga juu ya wanga. Karanga zinanitia hofu zaidi. Karanga na mahindi hushambuliwa sana na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na zikishasagwa huwezi tena kuchambua punje mbovu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Kuchemsha uji hakuiondoi.

Hata uji wa unga safi una shida ya maji mengi. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama robo lita tu kwa mlo. Ukimjaza uji mwepesi anashiba kabla hajapata nguvu ya kutosha. Hapo ndipo kimea, yaani ulezi ulioota, ukaanikwa na kusagwa, kinapofaa: kijiko kimoja hulainisha uji mzito bila kuongeza maji. Inasikitisha kwamba siku hizi ni wachache wanaokitumia.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Iringa, mkoa unaovuna mahindi kwa wingi, walikuwa zaidi ya nusu. Udumavu una sababu nyingi, maradhi yakiwemo, ila nafaka haikukosekana kule.

Kwa hiyo mimi siutupi uji. Ningebaki na nafaka moja, soya iliyochemshwa na kukaushwa kabla ya kusagwa, na karanga zilizochambuliwa kwa mkono, zikakaangwa na kusagwa kidogo kidogo nyumbani. Mchana mtoto apate viazi au ndizi za kupondwa na dagaa wa unga, yai au maini, na mboga za majani, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Yai ni ghali kwa wengi, najua. Dagaa wa kupimwa kwa kikombe bado wanafikika.