Kijiti cha pili kwenye gemu ya mkononi: nani anakihitaji?

Ukiulizia konsoli ndogo ya mkononi kwenye maduka ya elektroniki ya Nakuru, mara nyingi sifa ya kwanza utakayotajiwa ni kwamba "hii iko na analogi mbili", yaani vijiti viwili vya dole gumba, kimoja kushoto na kimoja kulia. Baada ya hapo ndipo bei inapotajwa, nayo huwa imepanda. Vijana wengi, na wazazi wanaotafutia watoto zawadi ya Desemba, huichukua sifa hiyo kama ushahidi kwamba mashine ni ya kisasa. Upande wa pili wako waliokulia kwenye PSP, konsoli ya mkononi ya Sony. Hao wanasisitiza kuwa kijiti kimoja kiliwatosha miaka yote na kwamba cha pili ni pambo linaloharibika mapema. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini naona wote wanaruka swali linalopaswa kutangulia: katika gemu unayocheza wewe, dole gumba la kulia lina kazi gani?

Kwenye gemu za 3D kuna kazi mbili za kugawana. Mkono wa kushoto unamtembeza mhusika, nao wa kulia unageuza kamera ili uone unakokwenda na anayekujia nyuma. Mtindo huo ulianza kuzoeleka baada ya Sony kutoa padi (kidhibiti cha kushika mikononi) ya vijiti viwili kwa ajili ya PlayStation mwaka 1997, na kufikia 1999 ilitoka Ape Escape, gemu ambayo haichezeki kabisa bila vijiti vyote viwili. Konsoli za mkononi zilichelewa sana kufuata. Nintendo DS ya 2004 haikuwa na kijiti hata kimoja. PSP, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka huohuo, ilipewa kimoja, kidogo na bapa, chini ya vitufe vya mishale. Ilibidi kungoja PS Vita, mrithi wa PSP, Desemba 2011, ili kampuni kubwa iweke viwili kwenye mashine ya kubeba.

Katika hiyo miaka saba ya kungoja, wachezaji waliteseka kwa namna inayoonyesha wazi kijiti cha pili kinatibu nini. Chukua Monster Hunter, gemu ya kuwinda majitu, kwenye PSP. Kutembea kulikuwa kwenye kijiti, kamera ilikuwa kwenye vitufe vya mishale, na vyote viwili vilikuwa upande wa kushoto. Dole gumba moja likapewa kazi mbili za wakati mmoja. Watu wakabuni mshiko uliokuja kuitwa makucha: dole gumba linabaki kwenye kijiti, kidole cha shahada kinakunjwa kupita juu ya mashine hadi kwenye mishale, na kamera inageuzwa kwa ncha ya kidole hicho. Ukicheza hivyo saa nzima, maumivu yanaanzia kwenye vifundo vya vidole na kupanda hadi kiwikoni. Watengenezaji wengine walikwepa tatizo kwa njia zao. God of War ya PSP iliyotoka 2008 ilikudai ubane vitufe vyote viwili vya juu, ndipo usukume kijiti ili kukwepa pigo, kitendo ambacho kwenye PS2 kilikuwa msukumo mmoja wa kijiti cha kulia. Metal Gear Solid: Peace Walker ya 2010 ilikuwa na mpangilio uliohamishia kamera kwenye vile vitufe vinne vya kulia. Hapo dole gumba likapata pa kufanyia kazi, lakini kitufe hakijui kugeuka polepole: kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Kamera ikawa inakwenda kwa mwendo wake, wewe ukiikimbiza.

Nintendo nayo ilikiri pengo hilo kwa vitendo. Konsoli yake ya mkononi, 3DS, ilitoka mapema 2011 na kijiti kimoja. Kabla mwaka haujaisha, Japani kukawa kunauzwa kiambatisho kilichoikumbatia mashine nzima, chenye betri yake, kwa lengo la kuongeza kijiti cha kulia, na kiliingia sokoni siku moja na Monster Hunter mpya. Kampuni haitengenezi kitu kikubwa namna hiyo kwa ajili ya pambo. Kwa hiyo wanaosema kijiti cha pili hakina maana wanasahau tu jinsi vidole vyao vilivyokuwa vikiuma.

Lakini sasa nawageukia wanaokisifu kijiti cha pili, kwa sababu hapa ndipo wauzaji wanapopitisha nusu ya habari. Kijiti cha pili hakikupi dole gumba la tatu. Dole gumba la kulia likiwa kwenye kijiti, limeviacha vile vitufe vinne. Ukitaka kuruka, kubadilisha silaha au kuokota kitu, lazima uliinue, ubonyeze, ulirudishe, na kwa muda huo kamera haina mwenyewe. Kwenye padi ya sebuleni tatizo hilo hupunguzwa na vitufe vya juu: kulenga na kufyatua vinabebwa na vidole vya shahada kwenye L2 na R2, ile jozi ya pili ya vitufe vya juu, dole gumba likitulia kwenye kijiti. Vita ilikuwa na vijiti viwili lakini haikuwa na L2 wala R2, na vijiti vyenyewe havikuweza kubonyezwa kama vya padi. Ulipoitumia kuchezea gemu za PS4 kwa mbali, vitufe vilivyokosekana vilihamishiwa kwenye kioo cha mguso, kile cha mbele na kile cha mgongoni, mahali ambapo vidole vilikuwa tayari vinashikilia mashine. Ukigusa bila kukusudia, umefyatua risasi. Kwa hiyo anayehesabu vijiti ahesabu na vitufe vya juu. Vijiti viwili vyenye vitufe viwili tu vya juu ni dawa nusu.

Jambo jingine ni urefu wa kijiti chenyewe. Cha padi kubwa kina nafasi ya kulala taratibu, na cha mashine nyembamba ni kifupi, hivyo msogeo mdogo sana wa dole gumba unageuka kuwa mzunguko mkubwa wa kamera. Toa na lile eneo la katikati ambalo programu hulipuuza ili mashine isijiendee yenyewe, na nafasi inayobaki ya kulenga kichwa cha adui aliye mbali ni finyu kweli. Ndiyo maana kwenye Switch, konsoli ya Nintendo, wengi hulenga kwa kuinamisha mashine yenyewe, kihisi cha ndani kikisoma mwendo wa mikono. Mbinu hiyo ni nzuri ukiwa umeketi nyumbani. Kwenye matatu ya kutoka Nakuru kwenda Kisumu, zile kona za kuelekea Kericho zinasomwa na kihisi kama vile ni wewe umegeuza mikono, na mshale wa kulenga unafuata barabara.

Tuje kwenye mpira, maana huku ndiko wengi waliko. Vyumba vya kuchezea PS vya Nakuru hujaa kwa ajili ya mpira kuliko gemu nyingine yoyote, na mchezaji aliyezoea FIFA kwenye padi anakitumia kijiti cha kulia kwa chenga na kwa kuchagua beki wa kumkabili mwenye mpira. Mnyang'anye kijiti hicho na atakuwa mtu mwingine uwanjani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mpira unaochezwa mkononi ni PES, gemu ya mpira, toleo la PSP, inayoendeshwa na emuleta (programu inayoiga mashine nyingine) ya PPSSPP iliyoanza kupatikana mwaka 2012, vikosi vikibadilishwa na mashabiki ili vilingane na msimu. Gemu hiyo iliundwa kwa mashine ya kijiti kimoja. Pasi, krosi, shuti na kukimbia vyote viko kwenye vitufe. Unaweza kukipangia kijiti cha kulia kazi kwenye emuleta, lakini kwa anayecheza PES ya PSP pekee, anachohitaji ni kijiti kimoja cha kushoto kilicho imara, mishale isiyokwama na vitufe vinavyojibu haraka.

Mpangilio huo wa emuleta unastahili kusifiwa kwa gemu nyingine, hata hivyo. Kamera ya Monster Hunter iliyokuwa kwenye mishale unaweza kuihamishia kijiti cha kulia, na yale makucha yakabaki historia. Itageuka kwa mwendo uleule mmoja, kwa sababu gemu yenyewe bado inadhani umebonyeza kitufe. Lakini mkono unapona.

Sasa gharama, na simaanishi ya siku ya kununua tu. Nakuru ina vumbi, hasa Januari na Februari, na kijiti cha kawaida ni kitu kinachosuguana. Fundi akikifungua mbele yako utaona vijisahani viwili vidogo, kimoja cha kushoto-kulia na kingine cha juu-chini, kila kimoja kina utepe mweusi wa kaboni na kijiulimi cha chuma kinachotembea juu yake. Umeme unaopita hutegemea mahali kijiulimi kilipo, na hivyo ndivyo mashine inavyojua umesukuma kiasi gani. Kila msukumo unakwangua kaboni kidogo. Ukiongeza vumbi, usomaji unayumba, na siku moja mhusika anaanza kutembea wakati hujagusa kitu. Vijana wanaita drifti. Tatizo hilo liliisumbua Switch kiasi kwamba rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi mwaka 2020. Vijiti viwili maana yake sehemu za kuchakaa zimekuwa mara mbili, na kwenye mashine kama Switch Lite, ambayo vidhibiti vyake havichomoki, lazima mashine yote ifunguliwe.

Kuna tiba. Vijiti vinavyotumia kihisi cha sumaku, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879, havina kaboni ya kukwanguliwa: sumaku inasogea, kihisi kinasoma, na viwili hivyo havigusani. Sega ilitumia kanuni hiyo kwenye padi ya konsoli yake ya Dreamcast tangu 1998, jambo linalonifanya niwe mgumu kuzikubali sababu za kampuni zinazoendelea kutumia kaboni. Nintendo yenyewe ilithibitisha mwaka 2025 kwamba Switch 2, mrithi wa Switch, haitumii vijiti vya Hall. Kwa upande mwingine, Steam Deck, konsoli ya mkononi ya 2022, ina vijiti vinavyoweza kubadilishwa, na vipuri vyake vimeuzwa wazi kwa yeyote. Kwa mnunuzi wa huku, aliye mbali na vituo rasmi vya huduma, hilo lina uzito kuliko idadi ya vijiti.

Mashine za bei nafuu zinastahili tahadhari yake. Mfano ni R36S, kidude chenye skrini ya inchi 3.5 na vijiti viwili vinavyoonekana vizuri kwenye picha. Gemu za PS1 inaziendesha vizuri, lakini nyingi kati ya hizo zilitengenezwa kwa mishale na vitufe. Gemu za PSP na za N64, konsoli ya zamani ya Nintendo, ambako vijiti vina faida zaidi, ndizo zinazoilemea. Unalipia kijiti ambacho mashine haina nguvu ya kukitumikisha.

Kwa hiyo kijana anayetaka gemu za kufyatuliana risasi au za kuzurura kwenye miji ya 3D, mimi nitamwambia asinunue yenye kijiti kimoja hata kama ni rahisi, na aipate yenye L2 na R2. Anayetaka PES na gemu za zamani, aweke pesa zake kwenye mishale na betri. Na yeyote kati yao, kabla ya kulipa, aombe mashine iwashwe, afungue ukurasa wa kupima vidhibiti, azungushe kila kijiti taratibu hadi ukingoni kisha akiachie. Alama ya skrini isiporudi katikati, ombi la pili ni mashine nyingine kutoka kwenye boksi.