Malaria ilitukinga na korona, au hatukuhesabu makaburi?

Pale steji ya bodaboda Kondele, mjini Kisumu, kuna ubishi ambao haujazeeka tangu 2020. Juzi nilikuwa nimejikinga mvua kibandani, ukaibuka tena. Kijana mmoja aliyevaa koti la plastiki aliniambia, "Mwalimu, wazungu walikufa kwa sababu hawajaumwa na mbu wetu. Sisi malaria ilituchanja tukiwa wachanga." Mwenzake alikuwa anapangusa kiti cha pikipiki. Akajibu bila kugeuka: "Na wale tuliozika kwetu Ugenya, kule Siaya, hao walikuwa wazungu?"

Nafundisha biolojia, kwa hiyo walinitazama mimi nitoe hukumu. Sikuitoa. Lakini vijana wale wawili walikuwa wameshika ncha mbili za jambo ambalo hata maabara hazijalimaliza, na kila ncha ina haki yake.

Tuanze na kilichopimwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 2020. Hadi Julai 31 mwaka huo serikali ilikuwa imehesabu wagonjwa 20,636 na vifo 341. Wakati huohuo watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, taasisi ya utafiti wa afya yenye makao Kilifi, walikuwa wamechunguza damu iliyochangwa kati ya Aprili na Juni katika vituo kadhaa, Kisumu kikiwemo. Walikuwa wakitafuta kingamwili, zile protini zinazobaki mwilini baada ya kupambana na virusi. Sampuli zilikuwa 3,098, na 174 zilikutwa nazo. Baada ya marekebisho ya hesabu, kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.3, Mombasa 8.0, Nairobi 7.3 na Kisumu 5.5.

Hebu tupige hesabu ya ubaoni. Kaunti ya Kisumu ilikuwa na watu milioni 1.15 na ushei katika sensa ya 2019. Asilimia 5.5 yao ni zaidi ya 63,000. Kata nusu nzima, kwa kuwa watoto na wazee sana hawachangi damu; bado unabaki na zaidi ya 31,000 katika kaunti moja, kufikia katikati ya Juni. Nchi nzima ilikuwa bado haijafikisha 21,000 kwenye vitabu mwezi mmoja na nusu baadaye. Kufikia miezi mitatu ya kwanza ya 2021, uchunguzi wa damu ya wachangiaji ulionyesha asilimia 48.5 nchini kote. Kwa hiyo yeyote anayesema korona haikufika kwetu, damu imemkanusha. Ilifika, ikapita kimyakimya kwenye miili mingi mno.

Kuna anayeuliza kama kingamwili hizo zilikuwa za korona hii kweli. Swali zuri. Virusi vinne vya jamii hiyohiyo vimekuwa vikitupa mafua miaka nenda miaka rudi, na damu iliyohifadhiwa Tanzania na Zambia tangu kabla ya janga ilionyesha kwamba mara nyingine kinga ya mafua hayo inaweza kudanganya kipimo. Watafiti wa Kilifi waliliona hilo. Walijaribu kipimo chao kwa sampuli 910 za mwaka 2018, na asilimia 99 zikatoka bila kingamwili, inavyotakiwa. Kosa la asilimia moja linaonekana dogo, lakini unapotafuta kitu kilicho kwa watu watano tu kati ya mia, hilo moja si la kupuuza, na ndiyo maana takwimu zilirekebishwa. Ninachosita kidogo ni kwamba damu ile ya 2018 ilikuwa ya Pwani, si ya Siaya, huku kwetu magharibi.

Basi kama virusi vilienea hivyo, mbona hospitali hazikufurika kama za Italia? Hapa ndipo kijana wa kwanza anapata nguvu, na ningependa asikilizwe kabla ya kuchekwa.

Mtoto wa kandokando ya ziwa akivuka miaka mitano ameshaugua malaria mara kadhaa. Akibalehe anaweza kutembea na vimelea damuni, akacheza mpira, akala ugali na omena, akalala, asipate hata joto. Vimelea havijafukuzwa. Mwili umejifunza tu kutopiga ukemi kila vinapoonekana. Sasa tazama korona inavyoua. Mara nyingi siku za kwanza ni za virusi kuzaana, kisha baada ya wiki hivi mwili wenyewe unawasha moto kwenye mapafu na kushindwa kuuzima. Dawa iliyookoa wengi hospitalini, deksamethasoni, haiui virusi hata kimoja. Inatuliza kinga. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilitangaza Juni 2020 kwamba ilipunguza vifo kwa theluthi miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliowekewa oksijeni pekee. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwafaa kitu.

Ukiunganisha mambo hayo mawili, dhana ya malaria haionekani tena kama porojo za kijiweni. Na Uganda, majirani zetu wa ng'ambo ya Busia, walipata ushahidi. Utafiti uliochapishwa 2022 uliangalia wagonjwa wa korona pamoja na alama za malaria ya zamani kwenye damu yao. Kati ya 53 waliokuwa na historia ndogo ya malaria, 16 walikuwa na ugonjwa mkali au mahututi. Kati ya 56 wenye historia kubwa, walikuwa watatu tu.

Tofauti hiyo ni kubwa, lakini ni ya watu 109. Na mtu asiyeijua malaria Uganda au Kenya ni nani? Huenda ni wa mjini, ana umri mkubwa kidogo, ana gari, ana kisukari. Vitu hivyo hutembea pamoja, na kuvitenganisha kwa idadi ndogo hivyo ni kama kuchambua mchele gizani.

Halafu kutuliza kinga kuna wakati wake. Mwaka 2020 watafiti waligundua kwamba takriban mmoja kati ya kumi wa wagonjwa waliokuwa hatarini kufa na korona alikuwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni zake mwenyewe, yaani king'ora cha kwanza kabisa cha mwili. King'ora kimezimwa, virusi vikajipanga. Kwa hiyo mwili mtulivu siku ya kwanza unaweza kuwa balaa, na mwili mtulivu siku ya kumi ukawa salama. Anayesema malaria "imetuzoesha" hana budi atuambie imetuzoesha siku ipi.

Sababu ya umri naipitia haraka kwa kuwa haibishaniwi sana: robo tatu ya Wakenya wako chini ya miaka 35, na korona ilichagua wazee. Hiyo peke yake inaeleza sehemu kubwa ya utulivu wetu. Ila kwa magharibi mwa Kenya ina kona yake. Vijana wetu wako Nairobi wakitafuta, wazee wako Siaya na Vihiga wakilinda boma.

Na hapo ndipo Delta ilipowakuta. Mapema Mei 2021 aina hiyo ya virusi ilitangazwa nchini kwa mara ya kwanza, na ilipatikana hapahapa Kisumu kwa watu waliotoka India. Juni mosi sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika uwanja wa Mamboleo, mjini humuhumu. Juni hiyohiyo kaunti 13 za magharibi na ukanda wa ziwa, kutoka Busia na Bungoma hadi Migori na Homa Bay, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni. Huu ndio ukanda wenye malaria nyingi kuliko wote nchini. Kama malaria ingekuwa chanjo, ilipaswa kuonekana hapa.

Kijana wa koti la plastiki angenijibu, na kwa haki, kwamba hajasema malaria inazuia kuambukizwa, inapunguza makali. Huenda bila hiyo tungezika mara tatu zaidi. Hilo siwezi kulipinga kwa takwimu, kwa sababu takwimu za kulipinga ndizo zinazokosekana. Vifo rasmi vya korona Kenya ni zaidi kidogo ya 5,600. Mtu akifia nyumbani kijijini, naibu wa chifu huandika anachoambiwa na jamaa: homa, presha, kifua. Kule Lusaka, Zambia, mwaka 2020, watafiti walipima maiti 364 mochari. Sabini walikutwa na virusi. Waliopimwa wakiwa hai walikuwa sita.

Mimi mzani wangu unaelemea kwa kijana wa Ugenya: ujana wa taifa kwanza, makaburi yasiyohesabiwa pili, malaria ya tatu kwa mbali. Ila sifungi mlango, na sababu ni ya maabara. Karibu kila ninachokitaja kuhusu kinga yetu kimetokana na kingamwili, kwa kuwa ni rahisi kupima. Unachukua damu, unatenga majimaji yake, unayagandisha, unayapima hata mwakani. Seli T, ambazo huua seli zilizoambukizwa na kukumbuka adui muda mrefu, hazina subira hiyo. Sharti zitengwe zikiwa hai, haraka, kisha zihifadhiwe kwenye naitrojeni ya kimiminika. Jaribu hilo barabara ya vumbi, umeme ukiwa umepotea. Singapore waliweza, wakaonyesha kwamba walionusurika SARS ya 2003 bado walikuwa na seli T za kuikumbuka miaka 17 baadaye. Marekani waliweza, wakazikuta seli zinazoitambua korona hata kwa watu ambao hawajawahi kukutana nayo, pengine kwa ajili ya mafua ya zamani. Mwili wa mtu wa Siaya, wenye malaria, mafua na minyoo ya utotoni, una kumbukumbu gani? Kingamwili haziwezi kujibu hilo.

Mvua ilipokatika, yule wa Ugenya alinibeba hadi Mamboleo. Tukipita uwanja alipunguza mwendo, akaniambia kwamba waliyemzika Julai 2021 alikuwa baba yake mdogo, mzee wa miaka 71. Kwenye kibali cha mazishi waliandika pumu. Hakuwahi kuugua pumu.