Kwani Si Alikuwa na Sukari?

Shangazi yangu alifariki Februari 2021, alfajiri ya Jumanne, katika zile wiki ambazo kila ukifungua simu unakutana na tanzia. Msibani turubai lilikuwa limefungwa uani, kina mama wanamenya vitunguu, na jirani mmoja akamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Kwani si alikuwa na sukari?" Mwenzake akajibu, "Na presha juu yake." Wakatikisa vichwa, maongezi yakahamia kwenye mchele.

Hawakuwa na nia mbaya. Mmoja wao alikesha nasi usiku wote na ndiye aliyemwosha marehemu. Ila swali lile limenikaa moyoni hadi leo, kwa sababu baadaye nililisikia kila mahali. Alikuwa mtu mzima. Alikuwa na figo. Alikuwa na pumu tangu utoto. Tulipoambiwa kwamba korona inawaua zaidi wazee na wenye magonjwa ya muda mrefu, wengi wetu tulisikia kwamba haituhusu. Naamini hapo ndipo mjadala wetu ulipopotea, kabla hata hatujaanza kubishana kuhusu chanjo.

Shangazi aliishi na kisukari miaka 14. Kwa genge la nyanya na dagaa Tabata alisomesha watoto wanne. Tarehe za kliniki alizizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, na ugali wake alikuwa anaupima kwa jicho kama mtu anayepima dhahabu. Mgonjwa wa sukari anayefuata dawa na mlo namna ile anaweza kuishi miaka mingine 20 na zaidi. Ukisema sukari ndiyo iliyomuua, umeichukua miaka hiyo yote ukaifukia naye, na hakuna wa kuulizwa imekwenda wapi.

Halafu hao "wenye magonjwa mengine" ni akina nani hasa? Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kwamba karibu mtu 1 kati ya 4 ana shinikizo la juu la damu, na karibu 9 kati ya 100 wana kisukari. Wengi wao walikuwa hawajui. Panda daladala yenye watu 40 uhesabu. Kondakta anayening'inia mlangoni na kujiita mzima huenda hajawahi kufungwa kile kitambaa cha presha mkononi hata siku moja.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, msafiri aliyekuwa ametoka Ubelgiji na kufika Arusha. Mwanzoni tulishtuka vizuri. Shule zilifungwa. Kila duka liliweka ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni. Daladala zikaambiwa zibebe watu levo siti, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifika Posta bila kiwiko cha mtu ubavuni. Kisha takwimu zikakoma: wagonjwa 509, vifo 21. Mwezi Mei tukasikia habari za sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara zikakutwa na korona, na Juni tukaambiwa ugonjwa umekwisha. Ndoo zikakauka. Ile ya duka la jirani yetu ilikuja kupandwa mchicha.

Nataka niwe mkweli kuhusu hoja ya kutofungia watu ndani, maana haikuwa ya kipuuzi. Mama ntilie anakula leo alichouza leo. Wenzetu wa Kenya walipigwa kafyu, Uganda na Rwanda walifungiwa kabisa, na kule watu walilala njaa kweli. Serikali ilipokataa njia hiyo, mimi niliunga mkono, na hata leo ningeunga mkono. Lakini kati ya kumfungia mtu ndani na kumwambia hakuna kitu, kuna mambo mengi ya bei rahisi. Dirisha la daladala lililo wazi halimnyimi mtu riziki. Wala levo siti, wala ndoo, wala ibada ya uwanjani chini ya mwembe badala ya ukumbi uliofungwa madirisha kwa ajili ya feni. Ubishi wetu ulikuwa wa kufunga au kutofunga, na hayo madogo, ambayo ndiyo yangemsaidia mtu kama shangazi, hayakupata msemaji.

Ukimya ulizaa msamiati wake. "Changamoto ya upumuaji." "Nimonia kali." Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi kwamba ana korona, na siku hiyohiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, John Kijazi. Mapema Machi, Padri Charles Kitima wa Baraza la Maaskofu Katoliki alisema mapadri zaidi ya 25 na masista 60 wamefariki ndani ya miezi miwili, wengi kwa shida ya kupumua. Masista 60! Wale waliotupimia watoto wetu uzito zahanati.

Shangazi alianza kukohoa siku chache kabla ya Maalim kufariki. Tulifanya kile kilichofanywa na kila familia. Tulichemsha sufuria kubwa ya mchaichai, majani ya mwarobaini, mkaratusi, tangawizi na malimau, tukaiweka chini ya stuli, tukamfunika kwa blanketi la manyoya. Mimi ndiye niliyelishika upande wa mgongoni mvuke usitoke. Alitoka amelowa jasho, anatabasamu, akasema, "Mwanangu, kifua kimefunguka." Tukafurahi. Tukarudia jioni, na kesho yake tena mara tatu.

Siku ya tatu niliona midomo yake imekuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Alikuwa anaongea vizuri tu, ananiuliza kama nimemlipa mtu wa maji. Hospitalini nesi alimbana kidole kwa kile kifaa kidogo chenye taa nyekundu. Kikaandika 78. Mtu mzima mwenye mapafu salama husoma 95 kwenda juu. Chini ya 90 ni hatari. Korona ina tabia hiyo mbaya, inaweza kumpunguzia mtu oksijeni polepole na yeye akawa anapiga soga.

Simtukani bibi aliyetuachia nyungu. Inazibua pua, inampa mgonjwa faraja, na nikibanwa na mafua bado najifukiza. Ninachokililia ni zile siku mbili. Zililiwa na sauti za redioni na za vikundi vya WhatsApp zilizotuambia kwamba hii sufuria ndiyo hospitali yenyewe, na kwamba anayekimbilia oksijeni ametawaliwa na hofu. Neno hilo "hofu" lilitumika vibaya mno. Mtu wa sukari anayeogopa ugonjwa unaoshambulia watu wa sukari ana akili timamu, na aliyemcheka kwa kuvaa barakoa sokoni alimvua silaha yake. Shangazi alichekwa. Aliivua akaitia kwenye pochi, nikaikuta humo tulipokuwa tunagawa vitu vyake.

Jumapili ya tarehe 21 Februari, Rais Magufuli alisema watu wavae barakoa, hasa zile zilizotengenezwa nchini. Shangazi alikuwa tayari kwenye mtungi wa oksijeni. Akafariki siku mbili baadaye.

Kuhusu chanjo sina mengi. Januari 2021 tuliambiwa tusiziamini, na tarehe 28 Julai mwaka uleule Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya kamera. Mama yangu, mwenye presha, aliniuliza, "Walitudanganya lini, ule wakati au sasa?" Sikumwita mjinga, na ninawaomba wenye elimu waache kuwaita watu wajinga kwa swali hilo. Nilikaa naye, nikamweleza ninachokijua, akaenda Oktoba kwa miguu yake. Imani ikishabomolewa namna ile hurudishwa mtu kwa mtu, jikoni, kwa muda mrefu.

Na tunajua kwamba tunaweza kufanya vingine. Machi 2023 Kagera ilipata Marburg, ugonjwa mkali kuliko korona kwa yule aliyeupata. Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alisimama akautaja kwa jina lake, akatoa idadi ya wagonjwa na ya waliokufa. Waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa mmoja mmoja. Wagonjwa waliishia 9, vifo 6, na mwanzoni mwa Juni ukatangazwa kuisha. Soko la Bukoba halikufa kwa sababu ya kuambiwa ukweli. Watu wa Kagera, ambao wanaukumbuka UKIMWI wa miaka ya themanini kuliko sisi wote, walinawa, waliacha kushikana mikono misibani, na waliendelea kuuza ndizi.

Mama sasa ana miaka 71 na anaishi nami. Wiki iliyopita mpwa wangu alikuja kutoka Morogoro akiwa na kikohozi kikavu. Nilimsimamisha mlangoni, nikamwambia bibi yako ana presha, kaa hapo barazani. Alinuna kidogo. Nikamletea kiti na chai, nikafungua dirisha la sebule, mama akavuta kigoda chake upande wa ndani mbali kidogo na wavu. Waliongea hivyo hadi magharibi, yeye anapaza sauti kwa sababu masikio yake yamepungua, kijana anacheka na kuziba mdomo kwa kiwiko kila kikohozi kikimjia.