Mfumo ulijua tangu wiki ya tano

Ijumaa jioni orodha ya waliodisko, yaani waliofutwa chuo kwa kufeli, iliingia kwenye grupu la WhatsApp la idara yetu. PDF ya kurasa tatu, namba za usajili zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, na mbele ya kila namba sababu ni ileile: wastani hautoshi. Matokeo ni ya semesta ya kwanza, na sisi tuko wiki ya tano ya semesta ya pili. Vijana hawa wameshalipia vyumba vya mtaani na kutoa kopi za notsi. Wamekaa darasani kwangu wiki nne nzima wakinyoosha mikono. Ndipo Seneti, kikao cha chuo kinachopitisha matokeo, ikakaa, wakaambiwa wafungashe.

Mimi ni mhadhiri msaidizi, nafundisha semina za mwaka wa kwanza na naingiza alama za kozi kwenye mfumo. Katika ile orodha kulikuwa na namba moja niliyoikumbuka. Ni ya kijana aliyekuwa akikaa mstari wa mbele, upande wa feni mbovu, na kaunta buku moja aliyoigawa kwa masomo yote matano. Nikafungua taarifa zake. Wiki nne za mwanzo hakuweza kusajili kozi kwa sababu alikuwa anadaiwa ada shilingi 320,000. Jaribio la kwanza lilifanyika wiki ya tano, jina lake halijaingia kwenye orodha zetu, kwa hiyo kisanduku kikabaki wazi. Jaribio la pili alipata 14 kati ya 20. Nikaangalia kozi nyingine nne: pengo lilelile, wiki ileile, na baada ya pengo alama nzuri tu.

Huyu hakushindwa masomo. Alishindwa kulipa 320,000 kwa wakati, na hilo deni dogo likageuka sifuri tano, sifuri tano zikageuka wastani mbovu, wastani ukageuka jina kwenye PDF. Kila hatua iliandikwa na mtu wa chuo. Mhasibu aliona deni, ofisi ya taaluma ikaona hajasajiliwa, mimi nikaona kisanduku kitupu nikakiacha hivyohivyo. Hakuna aliyempigia simu, na namba yake ya simu ipo kwenye mfumo, juu kabisa, karibu na picha.

Jambo hili limeninyima usingizi. Chuo kinamjua mwanafunzi kuliko ndugu zake wengi wanavyomjua. Kinajua alisoma tahasusi gani na alipata ngapi kidato cha sita. Kinajua kama Bodi ya Mikopo imempa ada yote, nusu, au haikumpa kitu. Kinajua siku aliyolipa na kozi anazorudia. Hata bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, linasema. Nani mwenye njaa husahau kusaini bumu? Mwanafunzi akipitisha siku kumi bila kusaini, amekwama mahali: anaumwa, ana msiba, au ameshaondoka kimyakimya. Afisa mikopo anaiona hiyo orodha ya wasiosaini. Anaifanyia nini? Anaiandalia taarifa ya fedha zinazorudishwa Bodi.

Kwa hiyo data tunazo tele, na tunazitumia kwa bidii. Tunazitumia kufunga mlango. Deni likibaki, mfumo unamzuia kusajili kozi. Mtihani ukikaribia, hapati kadi. Wastani ukishuka, anatolewa. Kufunga tumekuweka kwenye kompyuta na kunafanyika usiku wa manane bila mtu kugusa kitufe. Kubisha hodi ndiko tumekuacha kutegemee huruma ya mhadhiri mmoja mmoja.

Wapo waliofanya kinyume. Georgia State, chuo kikuu cha umma kilichopo Atlanta, Marekani, mwaka 2003 kilikuwa kinahitimisha asilimia 32 tu ya wanafunzi wake ndani ya miaka sita. Sehemu kubwa ya wanafunzi hao ni weusi au watoto wa familia zisizo na kitu. Wakapekua kumbukumbu zao za miaka kumi, mamilioni ya alama, wakitafuta ni dalili zipi hutangulia mtu kuacha chuo. Kuanzia 2012 mfumo wao ukawa unafuatilia dalili zaidi ya 800. Mwanafunzi akipata alama hafifu kwenye kozi ya msingi ya fani yake, mshauri anajulishwa na kumtafuta semesta hiyohiyo. Hawakusubiri Seneti ikae. Miaka kama kumi na moja hivi baada ya ule wa 2003, wanaohitimu wakavuka nusu. Na kabla hata ya huo mfumo, mwaka 2011, walianza jambo ambalo lingemwokoa kijana wangu wa feni mbovu: chuo chenyewe kinapitia orodha ya walio hatarini kufutiwa usajili kwa deni dogo, kinachagua wanaokaribia kumaliza na wanaofanya vizuri, kinawalipia kilichopungua. Mwanafunzi haombi. Anakuta deni limefutwa.

Sawa, nakubali, lile ni taifa tajiri. Lakini kilichobadilisha mambo pale hakikuwa kompyuta peke yake. Waliajiri washauri wapya zaidi ya 40 wa kukaa na hao wanafunzi. Sisi ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ina watu wachache kuliko walinzi wa geti kuu, halafu kila mwaka wa fedha tunasikia zabuni ya mfumo mpya.

Nakubali pia kwamba takwimu zinaweza kudanganya. Chuo cha Purdue, Indiana, kilikuwa na mfumo wa taa nyekundu, njano na kijani, uliomwonyesha mwanafunzi kama yuko hatarini kufeli kozi, na uliosifiwa sana, hadi mwaka 2013 watu walipogundua kasoro kwenye hesabu: waliobaki chuoni ndio waliopata nafasi ya kusoma kozi nyingi zenye taa, basi ikaonekana kana kwamba taa ndizo zilizowabakisha.

Na kuna linalotisha zaidi. Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki huko Maryland, kiliwapa wanafunzi wapya dodoso. Mapema mwaka 2016 gazeti la wanafunzi likafichua kwamba mkuu wa chuo alitaka majibu yatumike kuwabaini wanaoelekea kushindwa, washawishiwe kuondoka mapema kabla hawajahesabiwa, ili asilimia ya wanaobaki ipande. Akajiuzulu mwezi Februari mwaka huohuo. Nasimulia hili kwa sababu nimeshakaa kwenye vikao ambako swali la kwanza ni "asilimia yetu ikoje?" na hakuna anayeuliza "hawa ni akina nani?" Atakayeisoma orodha ya walio hatarini awe mtu ambaye kazi yake ni kumsaidia mwanafunzi, na wengine wote wasiione. Habari za deni la mtoto wa mtu si za kubandikwa ubaoni wala kurushwa kwenye magrupu.

Wenzangu wengine wanasema chuo si chekechea, mtu mzima ajitafutie. Mtu mzima wa miaka kumi na tisa, wa kwanza kufika chuo kikuu katika ukoo wao, hajui hata kwamba barua ya kuomba kulipa kwa awamu ipo. Aitafute vipi?

Jumatatu sikusubiri sera. Nilifungua jedwali la alama za jaribio la kwanza la semesta hii, nikachuja visanduku vitupu, nikabaki na namba 11. Nikachukua namba zao za simu kwenye mfumo, nikaanza kupiga baada ya kipindi cha saa nane. Wawili hawakupatikana. Mmoja yuko hospitali ya Bugando, Mwanza, anamuuguza mama yake, na hakujua kwamba anaweza kuomba kuahirisha masomo. Kesho tunaandika barua pamoja. Wa nne alikuwa msichana. Nikajitambulisha jina na idara. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

"Shikamoo mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Kwani na mimi nimedisko?"