Thomas wa Lancaster: vyeo vitano, hukumu moja

Thomas wa Lancaster huelezwa kwa pumzi moja: tajiri mchoyo aliyemsumbua binamu yake, Mfalme Edward II wa Uingereza, mpaka akakatwa kichwa. Wanaosema hivyo hawakosi hoja. Mwaka 1314 hakwenda Bannockburn, vita vya mfalme dhidi ya Waskoti, alipeleka askari wachache tu. Alipokabidhiwa uongozi wa baraza la mfalme mwaka 1316, alijikalia zake kwenye ngome ya Pontefract. Na alipowasiliana na Waskoti kwa siri, alijificha nyuma ya jina la “Mfalme Arthur”. Kwa hilo la mwisho sina utetezi.

Ila neno “uchoyo” linanikwaza. Thomas alikuwa erli, yaani kabaila mkubwa chini ya mfalme, mara tano. Lancaster, Leicester na Derby alirithi kwa baba yake, Edmund, aliyefariki 1296. Lincoln na Salisbury vilimjia 1311 kupitia mkewe, Alice de Lacy, baada ya mkwewe kufariki. Mapato yake yalifika takriban pauni 11,000 kwa mwaka. Hakuna erli mwenzake aliyemkaribia. Hizo pauni 11,000 ndizo fimbo anayochapwa nayo kila mara.

Tuulize basi zilitoka wapi. Leicester ilikuwa ya Simon de Montfort, aliyeuawa Evesham mwaka 1265 akipigana na upande wa mfalme. Derby ilikuwa ya Robert de Ferrers, mwasi mwingine, naye akapokonywa. Thomas alikula kwenye sahani za watu waliofilisiwa na ufalme, na babu yake mwenyewe, Henry III, ndiye aliyezigawa. Mtu wa namna hiyo anajua kilichotolewa kwa kalamu hurudi kwa kalamu. Ndiyo maana aling’ang’ania Kanuni za 1311, zilizomkataza mfalme kugawa ardhi bila ridhaa ya makabaila. Alikuwa akilinda mali yake, sawa. Lakini pia alikuwa akidai utaratibu.

Utaratibu huo aliunyimwa. Alipoasi, alishindwa na jeshi la mfalme kwenye vita vya Boroughbridge tarehe 16 Machi 1322, na siku sita baadaye akahukumiwa Pontefract, ndani ya ngome yake mwenyewe, bila kuruhusiwa kujitetea. Wasimulizi wa zama zile wanasema alitolewa juu ya mnyama aliyekonda, watu wakimrushia mabonge ya theluji, akapigishwa magoti akielekea Scotland. Watakaonikumbusha kwamba Piers Gaveston, kipenzi cha mfalme, naye aliuawa mwaka 1312 bila hukumu ya maana, na Thomas akiwa miongoni mwa waliomuua, wana haki. Alionja dawa yake. (Alice, ambaye hakuasi, alizuiliwa na kulazimishwa kuachia sehemu kubwa ya ardhi zake, anayetaka kuzungumzia uchoyo aanzie hapo.)

Mwaka 1327, Edward II alipokwisha kung’olewa, hukumu ilifutwa: Thomas hakuhukumiwa na makabaila wenzake kama sheria ilivyotaka. Ndipo ndugu yake Henry aliporudishiwa Lancaster. Kitukuu wa Henry huyo, naye akiitwa Henry, alinyimwa urithi wake na Mfalme Richard II mwaka 1399. Mwaka huohuo akamng’oa Richard kitini.