Mshauri Wangu wa Kusubiri

Mudi ana ugonjwa wa kusubiri, na alituambukiza kijiwe kizima pale Tabata.

Septemba 2020, NVIDIA, wale watengeneza kadi za kompyuta zinazochora picha za gemu, walipotangaza kadi ya RTX 3080 kwa dola 699, mimi nilikuwa na kadi yangu ndogo ya GTX 1050 Ti, ile inayokula wati 75 na haidai hata waya wake wa umeme. Nikamwambia Mudi naanza kudunduliza. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Acha papara, kaka. Bei itashuka."

Wapi! Chipu ziliadimika dunia nzima, wachimba sarafu za kidijitali wakazoa kadi kwa mafungu kuchimbia Ethereum, na ile 699 ikabaki ya kwenye matangazo. Februari 2021 ikatoka RTX 3060, dola 329, ikiwa imewekewa kufuli la kupunguza kasi ya uchimbaji ili sisi wacheza gemu tubakiziwe. Haukupita muda NVIDIA hao hao wakatoa programu iliyolifungua kufuli lao wenyewe, kwa bahati mbaya. Mudi akatutazama mmoja mmoja. "Si niliwaambia msubiri?"

Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaachana na uchimbaji wa kutumia kadi. Hapo hata mimi nilijua mtumba unamwagika. "Hizo zimekeshea kwenye joto," akasema Mudi. "Subiri toleo la 40." Likaja la 40, na 4090 yake ya dola 1,599. "Subiri la 50." Januari 2025 likaja la 50, na 5090 ya dola 1,999 inayokula wati 575. Wati 575! Mama mwenye nyumba, ambaye tunachangia naye LUKU, hunigongea mlango nikiwasha pasi tu.

Kinachoudhi ni kwamba wakati wote huo Mudi alikuwa anachezea kwangu. Kompyuta yake ilikuwa "kwa fundi" tangu enzi za Korona, na hakuna aliyewahi kualikwa kwake. Anakuja, anakula ubwabwa wangu, anakamata pedi, halafu anasonya: "Gemu lako linakwama sana, aisee."

Basi nikampita kimya kimya. Nikashuka Kariakoo, dukani kwa jamaa mmoja anayeuza vipuri, nikaiona RTX 3060 ya mtumba. "Hii ya mtu mmoja tu, bosi. Haijachimba chochote, ilikuwa ya kuchezea nyumbani." Nikaigeuza. Mgongoni imebandikwa stika ya Simba, nyekundu, mnyama kafungua mdomo wote.

Mimi ni Yanga. Nikamwambia muuzaji siwezi kulipa bei kamili kwa mateso yale, na akanipunguzia bila ubishi. Nadhani naye ni Mwananchi. Nimefika nyumbani, kazi ya kwanza ikawa kukwangua kwa ukucha. Kichwa kilitoka. Mkia uligoma.

Kazi ya pili ndiyo iliyoniaibisha mtaani. Kompyuta yangu ni zile nyembamba za ofisini zinazokuja na makontena, na kadi ilikuwa pana kuliko kasha lenyewe. Nikang'oa kila kitu ndani, nikabeba bati tupu hadi kwa fundi grili.

"Unataka dirisha au mlango?" akaniuliza.

"Nataka kadi ikae."

Akavaa miwani, akawasha grenda, cheche zikaruka hadi kwenye beseni la muuza vitumbua, nikalazimika kununua vya mia tano ili amani irudi. Fundi akamaliza, akapuliza vumbi, akaniuliza kama nataka aweke na bawaba.

Kumbe bado umeme. Pawa saplai yangu imeandikwa wati 240, na kwa kadi ile NVIDIA wanashauri 550. Ya kawaida haiingii kwenye kasha lile hata ulilazimishe. Kijana mmoja wa kutengeneza kompyuta akaniletea ya pili, akailaza mezani nje ya kasha, akachukua pini ya kubania karatasi, akaunganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi kwenye kile kichwa kikubwa cha nyaya zake. Feni ikazunguka. Mama mwenye nyumba akachungulia dirishani, akaona kasha lililokatwa, nyaya zimetoka nje na pini ya ofisini ndiyo swichi. Akasema "Bismillahi," akaondoka.

Lakini gemu! Nyasi za uwanjani zilikuwa zinahesabika. Nikampigia Mudi.

Alipoingia nilimsubiri aanze: umeharakisha, toleo jingine linakuja. Hakusema. Alikaa, akacheza kimya kimya, mpira unatembea kama maji. Kidogo kidogo akaanza kukodolea macho lile dirisha la fundi grili. Akaweka pedi chini. Akainama, akawasha tochi ya simu, akamulika mgongo wa kadi, pale uliposalia mkia.

"We!" akapayuka. "Nani kamkwangua mnyama wangu?"