Sikufukuzwa msikitini, nilizuiwa

Tangu jana mnanitumia vikatuni vya mtu anakimbia huku kashika kofia. Najua vimetoka wapi. Jirani yangu niliyekwenda naye Istanbul kawahi kufika barazani Jaws Corner, hapa kwetu Zanzibar, kahawa haijapoa keshatangaza kuwa nimefukuzwa msikitini na askari wa Kituruki. Haya, na mie nisikilizwe. Sikufukuzwa, nilizuiwa getini.

Kwa mgeni wa ukurasa huu, kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Kwa hiyo nilipoona kwenye simu pasi ya utalii ya Istanbul, yaani tiketi moja ya kuingilia sehemu nyingi, siku tatu, nusu bei ukilipa kabla ya kusafiri, nikajiona mjanja kuliko mjini. Jirani akaniuliza, "Yakhe, umepiga hesabu?" Nikamwambia asinifundishe kazi yangu.

Hesabu yenyewe nitawapa, maana inbox imejaa. Chukua karatasi, andika sehemu utakazoingia kweli kweli, achana na orodha ndefu waliyokubandikia. Mbele ya kila moja weka kiingilio cha mlangoni, na bei hiyo itafute kwenye tovuti ya sehemu yenyewe. Ile aliyoiandika muuza pasi yaweza kuwa imevimbishwa ili punguzo linenepe. Jumla ikiwa chini ya bei ya pasi, rudisha simu mfukoni ukalale. Ikizidi, bado tazama siku. Kasri la Topkapı hufungwa Jumanne. Kasri la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu. Lile Soko Kuu la kufunikwa hufungwa Jumapili. Pasi yangu ilianza Jumapili ikafa Jumanne, malizieni wenyewe.

Halafu uliza: siku inahesabiwaje? Kuna pasi zinazohesabu saa 24 tangu ulipoingia mlango wa kwanza, na kuna zinazofuata kalenda. Hizi za kalenda ukizifungua saa kumi jioni, saa sita ya usiku siku nzima imeshaliwa. Mie nilifungua ya kwangu jioni ya Jumapili, tena kwa ajili ya jumba la sanamu za nta. Naomba tupite haraka hapo.

Na yale maandishi madogo ya chini yasomeni. Tangu Januari 2024 mtalii wa nje analipa euro 25 kuingia msikiti wa Hagia Sophia, na anapandishwa ghorofa ya juu, kwa sababu chini watu wanasali. Kwenye pasi yangu Hagia Sophia imeandikwa kwa herufi nene, na chini yake kwa herufi za sisimizi: maelezo yatatolewa nje ya jengo.

Lakini lililoniua si hilo. Msikiti wa Sultan Ahmed, ule wa minara sita wanaouita wa Buluu, hauna kiingilio kwa mtu yeyote, awe Mwislamu au asiwe. Kwenye pasi yangu ndio mstari wa kwanza: ziara ya kuongozwa, bei ya zamani imekatwa kwa wino mwekundu. Nyie watembezaji wenzangu mnaocheka, tulieni. Nani kati yetu hajaiandika bustani ya Forodhani kwenye karatasi ya ziara, mstari wake peke yake, na Forodhani mtu anaingia bure hata kwa ndara?

Basi ni Jumatatu, adhuhuri inakaribia. Kiongozi wetu kijana mmoja ana mwavuli wa manjano. Katubandika kifuani kila mtu kibandiko cha rangi ya chungwa chenye picha ya kamera, katuvalisha shingoni vifaa vya kusikilizia, na vitambulisho vyetu kavishika yeye kama dhamana. "Popote mwavuli uendapo," akasema, "nanyi nyuma yake." Jirani, ambaye hakununua kitu, akasema anakwenda kutia udhu.

Adhana ikalia. Foleni yetu ikafungwa, kwa sababu kila sala msikiti hufungiwa watalii, na Ijumaa hufungwa asubuhi yote mpaka sala ipite. Nikajiambia, hayo ni ya wageni. Nikazunguka hadi mlango wa wanaosali, mbali kidogo na ule wa watalii.

Askari akanitazama kifuani. Nikakumbuka kibandiko. Nikakivuta kwa madaha, kama mtu anayepangusa vumbi tu, kikachanika. Ikabaki nusu yenye kamera. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kofia yangu ya viua, nikaivaa taratibu huku namtazama usoni. Nikamtolea salamu kwa makharaji yote niliyofundishwa chuoni. Uso wake ukalainika. Mkono wake ukaanza kupanda kunipisha. Wallahi niliuona ukipanda.

Hapo shingo yangu ikasema.

Kile kifaa nilikuwa nimekisahau, na sauti nilikuwa nimeifungua mpaka mwisho. "Bwana wa Tanzania! Bwana wa Tanzania, tafadhali rudisha kifaa!" Mkono wa askari ukasimama hewani. Akainama kunitazama shingo. Mie nakipapasa kitufe cha kuzimia, nabonyeza, kumbe nimebadilisha lugha, sasa shingo inamhubiri kwa Kijerumani. Nikageuka. Mwavuli wa manjano unakuja mbio. Na nyuma ya mwavuli, kwa kuwa ndivyo walivyoagizwa, kundi zima: mabibi wenye fimbo, baba na gari la mtoto, wote wanakimbilia mlango wa wanaosali, na mbele yao kama imamu wao nimesimama mimi.

Askari akatanua mikono yote miwili kama golikipa.

Chini ya kwapa lake akapita jirani, ndevu zinachuruzika udhu, viatu kwenye mfuko wa plastiki. "Salaam alaykum." Akajibiwa vizuri, akapita. Alipofika ndani akageuka, akatoa simu.

Basi. Kifaa nikarudisha, kitambulisho nikapewa, nikavua koti lenye kamera, nikasali jamaa ya pili nyuma kabisa. Kurudishiwa pesa hakuna, kwani pasi ikishaguswa mara moja imetumika. Jumanne nikaenda Topkapı nikasoma kibao. Bahari ya Bosphorus inayoupasua mji nikaivuka kwa feri ya abiria kutoka Eminönü kwa kadi ya Istanbulkart, nauli ya watu wa kawaida, na bahari ni ile ile wanayoionyesha wenye pasi.

Ila kuna jambo jirani hakuwaambia barazani. Wale watu walifuata mwavuli bila kuuliza, mpaka mikononi mwa askari. Wageni wangu mie hunipotea sokoni Darajani kabla hatujafika kwenye pweza. Kwa hiyo kabla ya kurudi nilipita dukani. Upo hapa mlangoni, wa manjano, na kesho saa tatu asubuhi nina Wataliano.